Kumshawishi Mwenye Jumba la Sinema

Katika Marekani ya filamu bubu, mtu wa kwanza kushawishiwa alikuwa mwenye jumba la sinema. Mara nyingi alikodi filamu ambayo hakuwa ameiona, kisha lawama zikamwangukia yeye, kutoka kwa majirani waliolipa kiingilio. Waliomwandikia matangazo walikuwa mafundi kwelikweli, kwani iliwabidi waisifu filamu na papo hapo wamfundishe namna ya kuiuza. Kitabu cha matangazo kutoka studio kilikuwa na muhtasari wa hadithi, habari zilizokwisha andikwa ili gazeti la mjini lizichape zilivyo, na mabango ya kuagiza, kuanzia la inchi 27 kwa 41 hadi lile la karatasi 24 la kubandikwa barabarani. Gazeti lililotaka picha lilipewa kalibu ya karatasi nene. Mchapaji akamimina risasi iliyoyeyushwa, picha ikatoka. Drama ndiyo iliyowatoa jasho. Mchekeshaji Chaplin aliuzika kwa kofia na fimbo. Huzuni ya mke aliyeachwa haina kofia. Ilitakiwa ipatikane picha moja yenye swali ndani yake, tuseme barua iliyo mkononi, bado haijafunguliwa.

Wengine watasema huo ulikuwa uongo mtupu. Kweli, watu wa studio ya Fox walimtangaza mwigizaji Theda Bara kuwa mzaliwa wa Misri, kumbe ni Theodosia Goodman wa Cincinnati. Siwatetei. Ila uzushi juu ya nyota haukumtia hasara mwenye jumba. Uongo juu ya filamu yenyewe ungemtia, naye alikuwa na pa kusemea. Exhibitors Herald, jarida la Chicago, lilikuwa na safu ambamo wenye majumba walielezana ipi iliwajazia viti na ipi iliwafukuzia wateja.

Pingamizi zito zaidi linatokana na Adolph Zukor wa studio ya Paramount, aliyeuza filamu kwa mafungu: ukiitaka ya nyota, unabeba na nyingine zote. Ushawishi wa nini basi? Wenye majumba walichukia hata wakaunda kampuni yao, First National, mwaka 1917. Lakini kulazimishwa kukodi hakujazi viti, na ile filamu dhaifu ndani ya fungu ndiyo iliyohitaji bango zuri kuliko zote. Leo filamu nyingi za enzi hiyo zimepotea. Cleopatra ya Bara, ya 1917, imebaki vipande tu, na anayeitafuta huijua zaidi kwa picha na mabango yaliyochapwa kuiuza.