Quantum of Solace: filme iliyokimbia maji yake

Bandugu, kila mara tukibishana juu ya James Bond, mtu akitaja Quantum of Solace ya mwaka 2008 wengine wanaanza kucheka. Wanasema ni fupi, ni kelele, haieleweki. Nakubali yote matatu. Lakini mimi inaniuma kwa sababu ingine: ilishika hadithi ambayo mtu wa Kisangani angeielewa kupita mtu wa London, kisha ikaipita mbio.

Tuanze na ile iliyoitangulia. Casino Royale (2006), ya Martin Campbell, ilikuwa na subira. Kiongozi wa waasi wa Uganda, Obanno, anaweka feza zake kwa Le Chiffre. Le Chiffre anazicheza kwenye soko la hisa: anabahatisha kwamba hisa za kampuni moja ya ndege zitaanguka, maana yeye mwenyewe amepanga ndege yao mpya ilipuliwe. Bond anazuia mlipuko, feza zinapotea, na sasa Le Chiffre analazimika kukaa kwenye meza ya karata ili azirudishe mbele ya wenyewe kumkata. Unaona vile jambo moja linazaa lingine? Mimi sijui poka hata kidogo, lakini nilielewa vizuri juu ya nini karata moja inaweza kuua mtu.

(Neno la pembeni: kambi ya waasi waliiweka Mbale. Sisi watu wa kilimo Mbale tunaijua kwa kahawa ya arabika ya mlima Elgon. Waasi wa Uganda wa kweli, miaka ile ile, walikuwa wamevuka mpaka na kukaa Garamba, kwetu, ndani ya Province Orientale ya zamani. Bon, tuwasamehe.)

Quantum of Solace inaanza kama saa moja tu baada ya mwisho wa Casino Royale. Bond hajakuwa na desturi ya kuendeleza hadithi moja kwa moja hivi, kwa hiyo tulingojea mengi. Mwongozaji alikuwa mupya, Marc Forster. Na kulikuwa mgomo: waandishi wa Hollywood waliweka kalamu chini kuanzia Novemba 2007 mpaka Februari 2008, wakati hadithi haijakomaa. Daniel Craig alieleza baadaye kwamba yeye na mwongozaji walikuwa wanarekebisha wenyewe sehemu za maandishi. Sisi tuliosoma chuo kikuu kwenye inchi hii tunajua mgomo unakula nini. Matokeo yake ni dakika 106, filme fupi kuliko Bond zote. Ile mbio ya magari ya mwanzo, pembeni ya ziwa Garda, imekatwakatwa kama sombe: gurudumu, jicho, kioo, gurudumu tena. Nani anapiga nani? Kule Siena wanachanganya mashindano ya farasi na watu wanaofukuzana chini ya ardhi, na sijaona farasi walisaidia nini.

Sasa maji. Adui ni Dominic Greene, anayechezwa na Mfaransa Mathieu Amalric, mtu wa kampuni inayojidai kutunza mazingira. Anatafuta kipande cha jangwa kule Bolivia. Wamarekani wanafikiri ni petroli. Kumbe maji njo anatafuta: ameziba mto chini ya ardhi. Anamsaidia jenerali Medrano kupindua serikali, halafu anamwekea karatasi mbele: tunashika zaidi ya asilimia 60 ya maji ya inchi yako, utanunua kwetu kwa bei mara mbili, weka sahihi.

Hii haikutoka hewani. Mwaka 2000, kule Cochabamba, Bolivia, maji ya mji yalikuwa yamepewa kampuni ambayo Bechtel ya Marekani ilikuwa na mkono ndani yake. Bei ikapanda, watu wakajaa barabarani, na mwezi wa nne mkataba ukavunjwa. Kwa mtu anayeishi hapa, kati ya mto Kongo, Tshopo na Lindi, hakuna haja ya kufafanua sana. Tunaona maji kila siku kwa macho, na kuko mama anaamka saa kumi ya usiku kutafuta ya kujaza bido moja.

Filme inawapa watu wa kiu sekunde ngapi? Bond na Camille wanatoka kwenye shimo, wanapita kijiji ambapo watu wamesimama na vyombo vitupu mbele ya tangi linalodondosha matone ya mwisho. Basi. Hakuna jina, hakuna hata mmoja anayesema neno la kukumbuka. Tunarudi kwa risasi na hoteli inayoungua.

Kama agronome nina kesi ingine. Sehemu kubwa ya Bolivia, upande wa mashariki, iko ndani ya bonde la Amazon, kwenye mvua ya kutosha. Kusema umefunga asilimia 60 ya maji ya inchi kwa boma moja jangwani ni kama kusema umefunga mto Kongo kwa kuziba kijito cha Kabondo. Tena maji ya ardhini si pipa; ukiyazuia hapa yanatafuta njia kule. Maboma ya mchangani yapo kweli, kule Kitui, Kenya, wakulima wanayajenga kwenye mito ya msimu ili yawabakizie maji wakati wa jua. Lakini kosa hilo ningelimeza. Kinachonishinda ni hiki: mwizi wa maji wa kweli anafanya kazi na mkataba, kompteri na fakitire. Casino Royale ilitufanya tutoke jasho juu ya hisa na karata. Kwa nini mkataba wa maji usingeweza? Ile karatasi ya Medrano ndiyo sehemu yenye sumu, na imewekwa mwishoni, dakika chache, mbele ya moto.

Nisiwe mbaya. Usiku wa Tosca kule Bregenz, Austria, ni kazi safi. Wakubwa wa Quantum wanafanya mkutano kwa siri ndani ya opera, kila mmoja na chombo sikioni. Bond anaingilia mazungumzo, wenye hofu wanasimama, anawapiga picha. Mister White peke yake anabaki amekaa. Ni huyo huyo aliyempeleka Le Chiffre kwa Obanno. Na hakuna anayemuuliza vita gani ingine wanalisha. Ilipofika Spectre, 2015, tukaambiwa wote walikuwa chini ya bosi mwingine, na mambo ya maji hayakurudi tena.

Mwishoni Bond anamwacha Greene katikati ya jangwa na kopo la mafuta ya injini, anywe hilo akisikia kiu. Hata hiyo kiu hatukuiona. M anatuambia tu, kwa sentensi moja, kwamba walimkuta amekufa, risasi mbili kichwani na mafuta tumboni.