Kwetu, Kwangu na Kwao: Anayerudi katika Fasihi ya Pwani na Ushahidi wa Kwale

Uhakiki wa riwaya ya Kiswahili umempa msafiri nafasi kubwa na ukamnyima nafasi hiyo anayerudi. Safari imechunguzwa kama kielelezo cha elimu, cha kukua kwa mhusika na cha mgongano wa mila na usasa. Marejeo yamechukuliwa kuwa ukurasa wa mwisho tu, mahali ambapo mtunzi anakunja jamvi. Mtazamo huu unashangaza, kwa kuwa mojawapo ya matini za awali kabisa za nathari ya kisasa ya Kiswahili, Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), inahusu kurudi kuliko kwenda. Wajumbe sita wanapelekwa pande zote za dunia, na hata mbinguni na ardhini, wanarudi na maarifa ambayo nchi yao inayahitaji, wanatiwa gerezani. Hoja yote ya Karama mbele ya baraza ni utetezi wa watu waliorudi.

Kielelezo hicho cha mjumbe kimetawala tangu hapo. Anayerudi hutarajiwa kubeba kitu, iwe ni elimu, siasa mpya au dawa, na jamii hupimwa kwa namna inavyokipokea. Makala haya yanadai kwamba kielelezo cha mjumbe, pamoja na nguvu zake, hakitoshi kumweleza mtu anayerudi kwao baada ya miaka ishirini au thelathini ya kuishi ng'ambo, na kwamba lugha ya Kiswahili yenyewe inatoa nyenzo bora zaidi ya kumsoma mtu huyo. Mifano itatolewa katika riwaya, na pia katika maisha ya pwani ya kusini ya Kenya, tangu Likoni hadi Vanga, ambako suala la nani amerudi na kwake ni wapi si la vitabuni peke yake.

Nyenzo yenyewe ni sarufi. Kiswahili hakina neno moja la kutaja mahali pa mtu. Kina nyumbani, na kina vimilikishi vya mahali: kwangu, kwako, kwake, kwetu, kwenu, kwao. Mzaliwa wa Msambweni husema "kwetu ni Msambweni" hata akiwa hana ndugu aliyebaki huko, wala mti. Akisema "kwangu ni Msambweni", msikilizaji atafahamu jambo jingine: kwamba amejenga huko, pengine majuzi, na kwamba huenda asili yake ni kwingine. Kwangu hununuliwa, hupakwa rangi na huwekewa geti. Kwetu hakununuliki, kwa sababu kimilikishi chake ni cha wingi. Ni lazima wawepo wengine wanaokubali kuingia katika hiyo "sisi". Anayeondoka huondoka kwetu. Anayerudi, mara nyingi, hufanikiwa kufika kwangu tu.

Riwaya iliyoichimba tofauti hii kwa kina kuliko nyingine imeandikwa kwa Kiingereza, na mtunzi wake ni Mzanzibari. Abdulrazak Gurnah aliondoka Unguja akiwa kijana mwishoni mwa miaka ya 1960, miaka michache baada ya Mapinduzi, na hakupata kurudi hata kwa matembezi hadi mwaka 1984. Katika Admiring Silence (1996) msimulizi, ambaye hatajwi jina, ni mwalimu jijini London. Anaishi na Emma, wamezaa binti, na kwa miaka mingi amewatungia wakwe zake hadithi za nyumbani, hadithi zinazowafurahisha kwa kuwa zinafanana na zile walizokwisha kuziamini juu ya dola yao. Nyumbani nako hajawaambia kwamba ana mke wa Kiingereza na mtoto. Msamaha wa serikali unapomruhusu kurudi baada ya miaka ishirini, anakuta mji uliochakaa, vyoo vilivyoziba, na mama ambaye tayari anamtafutia mchumba.

Wasomaji wengi wa riwaya hii wamesita kwenye uchakavu. Wameusoma kama shutuma dhidi ya watawala wa baada ya uhuru, na shutuma hiyo imo bila shaka. Lakini uzito wa riwaya uko kwenye mchumba, si kwenye choo. Mama hana hila. Anafanya lile ambalo kila mama wa pwani angelifanya, yaani anamrudisha mwanawe katika wingi. Kumwoza ni kumpa tena kwetu. Naye msimulizi hawezi kupewa, kwa sababu miaka ishirini ya kunyamaza imemfanya asiwe mtu ambaye familia inaweza kumsemea. Anaporudi London na Emma akamwacha, amebaki hana hata kwangu. Hapa Gurnah anamzidi Shaaban Robert kwa jambo moja: mjumbe wa Kusadikika alijua alichokibeba, na alipofungwa alijua anafungwa kwa ajili ya nini. Msimulizi wa Gurnah amebeba uongo wa pande mbili, na hakuna Karama wa kumtetea.

Kwenye Siku Njema ya Ken Walibora (1996) mambo yanakwenda kinyume, na inafaa kupita hapo kwa ufupi. Kongowea Mswahili anatoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba, hadi Kitale, katika nchi ambayo hajawahi kuishi. Anarudi pasipo kuwahi kuondoka. Jina lake la kupanga limeshamtangulia, kwani Kongowea ni jina la kale la Mombasa. Ni hadithi tamu, nayo imependwa na vizazi vya wanafunzi kwa haki, ila imani yake kwamba damu hatimaye humfikisha mtu kwao ni imani ambayo maisha ya mpakani hayaiungi mkono sana. Adam Shafi naye, katika Mbali na Nyumbani (2013), ameisimulia safari ya ujana kuelekea Ulaya kwa ucheshi usio na kifani, ila kama kichwa kinavyodokeza, jicho la kitabu liko kwenye umbali.

Anayetoka Tanga kwenda Mombasa kwa barabara hupitia Lunga Lunga, Msambweni na Ukunda. Ni vyema kusimama hapo, kwa kuwa pwani hii imeshamzalisha mrejeaji wa aina yake ambaye riwaya zinazofundishwa sana hazijampa kiti. Watalii walipozidi Diani, hasa Wajerumani na Waswisi walioletwa na ndege za kukodi hadi Mombasa, vijana wa kiume na wa kike waliolewa au walioa, wakahamia Ulaya. Sasa baadhi yao ni wazee. Wanarudi na malipo ya uzeeni, na Kiswahili kilichosimama mahali kilipoachwa: misemo ya wakati ule, utani wa wakati ule, majina ya watu waliokufa. Mtu aliyeondoka Msambweni mwaka 1985 aliuacha mji wenye kiwanda cha sukari cha Ramisi, kilichofungwa kabla ya muongo ule kwisha. Baadaye ukaja mgodi wa titani, ukawahamisha wakazi wa Maumba na Nguluku, ukaanza kuzalisha mwaka 2013, na ukafunga kazi mwishoni mwa mwaka 2024. Kazi nzima ilikuja ikaondoka, pamoja na malalamiko yake na ajira zake, na aliyerudi hana hata kumbukumbu moja ya kuchangia barazani inapozungumzwa.

Sheria nayo ilimwandikia mtu huyu fumbo ambalo mtunzi yeyote angelionea wivu. Hadi mwaka 2010, Mkenya mtu mzima aliyejipatia uraia wa nchi nyingine alipoteza wa Kenya. Katiba ya mwaka 2010 iliruhusu uraia pacha, ikampa mzaliwa aliyeupoteza haki ya kuurejesha kwa kuomba. Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 65, ilisema kwamba asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa kukodi, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Kwa hiyo aliyechukua uraia wa Ujerumani, na asirejeshe wa Kenya, ni mpangaji kwenye shamba alilochezea utotoni. Nayo Ujerumani haikuwaruhusu raia wake wote uraia pacha ila kuanzia Juni 2024. Tanzu ya riwaya imetumia kurasa nyingi kueleza upweke wa mrejeaji kwa mwezi na mawimbi. Pengine fomu moja ya ofisi ya uhamiaji ingetosha.

Kwa Wadigo suala hili lina kina zaidi. Kimapokeo urithi wao ulipitia upande wa mama, kutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa, na katika karne ya 20 sheria ya Kiislamu ikazidi kuusogeza upande wa baba. Anayerudi na kudai sehemu yake huulizwa, kwa adabu, anadai kwa nani. Swali la kwanza analoulizwa kijana au mzee akiingia mtaa asikojulikana, "Wewe ni mwana wa nani?", si salamu tupu, ni ombi la hati. Katika Kidigo neno kaya humaanisha nyumbani, na pia ndilo jina la misitu mitakatifu iliyokuwa maskani ya kale. Kaya Kinondo, hapo Diani, ni miongoni mwa misitu iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mgeni anayeizuru huvishwa kaniki kabla ya kuingia. Mtunzi atakayeandika juu ya mzee aliyerudi kutoka Frankfurt anayo hapo sura nzima: avishwe au asivishwe, na nani anaamua?

Hata hivyo, uhakiki usiomtazama ila mrejeaji mwenye akiba utakuwa umeacha nusu ya sarufi. Kuna pia kwenu na kwao. Kitenzi kurudi, kikiambatana na kwetu, ni hamu; kikiambatana na kwao, ni amri. Agosti 1997 ghasia zilipozuka Likoni na kuenea kusini, watu wa bara waliambiwa warudi kwao, na wengi wao walikuwa wamezaa na kuzika pwani. Hao hawakuwa na pa kurudi; waliambiwa tu kwamba wanapo. Wamakonde, ambao wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, waliishi Kwale kwa miongo mingi bila kitambulisho. Oktoba 2016 wakashika njia kwa miguu kuelekea Nairobi kudai uraia, wakaupata, na mwaka 2017 wakaanza kukabidhiwa vitambulisho. Wapemba wa Shimoni, Vanga na kwingineko walisubiri hadi mwaka 2023.

Shimoni yenyewe ni matini. Baada ya mauaji ya Januari 2001 huko Zanzibar, watu zaidi ya 2,000 walivuka bahari kutoka Pemba wakafikia hapo kama wakimbizi. Wengi walirudi mwaka ule ule. Katika safari hiyo fupi walipokewa na watu wanaosema kama wao, walioitwa Wapemba, ambao serikali ya Kenya ilikuwa ikiwahesabu kuwa wageni. Mkimbizi alikuwa na pa kurudi. Mwenyeji wake, kwa maandishi, hakuwa na pa kukaa. Hakuna riwaya ya mrejeo inayojulikana sana katika Kiswahili iliyoweka sentensi hizi mbili pamoja, na hiyo ni kasoro ya fasihi yetu kuliko ya watunzi mmoja mmoja. Imezoea kuuona mpaka kama mstari ambao mhusika anauvuka. Hapa mpaka ndio uliowavuka wahusika.

Wavuvi wa pwani hii wana neno ambalo uhakiki ungefaidika kuliazima: dago. Ni kambi ya muda, ambapo wavuvi huenda na ngalawa na vyungu vyao kufuata samaki, wakakaa majuma au miezi, wakaondoka upepo ukigeuka. Dago si kwangu wala si kwetu, na hakuna aibu ndani yake, maana kila mtu anajua kwamba ni la msimu. Mhamiaji wa Diani aliyejiambia kila mwaka huko Ulaya kwamba atarudi kaskazi ijayo, aliishi dago la miaka thelathini. Kosa ambalo riwaya nyingi hulifanya ni kumsimulia kama mtu aliyehama, aliyechagua, ilhali yeye hakuwahi kupakua vyombo vyote. Na anaporudi, ndugu zake humpokea kwa desturi ile ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Shida ni kwamba hakuna anayejua ya tatu inaanza lini: ni siku aliyoshuka uwanjani, au ile aliyoanza kutuma fedha?

Peponi, tafsiri ya Paradise ya Gurnah iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kutolewa mwaka 2022 na Mkuki na Nyota, mwaka mmoja baada ya mtunzi kupewa Tuzo ya Nobeli, imefungua mlango ambao Admiring Silence itabidi kupitia siku moja. Atakayeitafsiri atakutana na neno la Kiingereza la nyumbani katika karibu kila sura, na Kiswahili hakitamruhusu kulifumbia macho. Mama akizungumza juu ya mwanawe, atalazimika kuandika kwao au kwetu. Mkwe wa Kiingereza akiuliza kuhusu alikotoka kijana yule, itabidi aandike kwenu. Na pale msimulizi, akiwa ndani ya ndege, anapofikiri juu ya London, mtafsiri atakaa na kalamu mkononi akitafuta kimilikishi, na kila kimoja atakachokichagua kitakuwa kimetoa hukumu ambayo Gurnah mwenyewe aliikwepa.