Maoni: Somo Limeeleweka

Chini kabisa ya andalio la somo, baada ya tathmini, kuna nafasi iliyoandikwa "Maoni". Nimefungua mafaili mengi ya walimu, yangu yakiwemo, na karibu kila mara nafasi hiyo ina maneno mawili tu: somo limeeleweka. Huandikwa ofisini wakati wa chai. Wengine huyaandika usiku, kabla hata darasa halijaingiwa. Nataka kuusifu ufundi wa ualimu, na itanibidi nianzie kwenye uongo huu mdogo.

Nilisomea ualimu Butimba, chuo kinachojulikana nchini kwa uchoraji, muziki, sanaa za maonyesho na michezo. Humo nilijifunza kwamba chaki huvunjwa kwanza, maana ikiwa nzima hupiga kelele ubaoni. Nilijifunza kuandika mstari usiopanda mlima, na kugeuka nusu ili darasa lisibaki na mgongo wangu. Vizibo vya soda, maboksi na mabua vikageuka zana za kufundishia mikononi mwetu. Watu huyaona haya mambo ya kitoto. Waache wasimame wao mbele ya watoto 90 kwa dakika 40.

Yakaja mazoezi ya kufundisha, tuliyoyaita BTP. Nikapewa darasa la nne, hisabati, mada ya sehemu. Usiku kucha nilichora keki kwenye manila, nikaigawa vipande vinne na kuipaka rangi. Ilikuwa keki nzuri kweli. Asubuhi niliibandika ukutani, nikauliza kipande kimoja ni sehemu gani ya keki nzima. Kimya. Nikauliza tena kwa sauti kubwa zaidi, kama vile tatizo lilikuwa masikio yao. Mkufunzi aliyekuja kunikagua alikaa nyuma, kalamu imetulia. Tulipotoka nje alisema, "Mwalimu, ile keki umeila peke yako."

Mchana huohuo msichana mmoja wa darasa lile alinikuta chini ya mwembe.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mbona leo hukujibu?"

"Sikujua keki inavyouzwa. Dagaa ningejua. Mama anapima sado, nusu sado, na robo."

Kesho yake nilibeba sado, lile kopo la plastiki la rangi la lita 4, pamoja na kopo la lita 1 na mfuko wa mchanga wa ziwani. Wakamimina. Makopo manne, sado imejaa. Robo ikawa kitu cha kushikwa mkononi, na kelele zilizofuata zilimleta mwalimu mkuu mlangoni. Halafu yule msichana akanitia kwenye mtihani: "Mwalimu, mama akipima huwa anaacha kilima juu. Kilima nacho ni sehemu?"

Hapo ndipo nilipoikumbuka Butimba. Sehemu, tulifundishwa, lazima ziwe sawa. Nikachukua rula nikakwangua kilima cha kopo la lita 1, mchanga ukamwagika mezani. Kilichobaki ndani ni robo. Kilichomwagika ni wema wa mama kwa mteja wake. Bila kanuni ya chuoni, sado ingebaki mchezo wa mchanga.

Ndiyo maana methali ya elimu bila amali kuwa kama nta bila asali huwa naipokea kwa shingo upande. Inaionea nta. Wafuga nyuki wa Tabora huiuza, na nyuki mwenyewe hana pengine pa kuweka asali yake. Siku ya keki nilikuwa na nta tupu, ni kweli, lakini sikuwa na sababu ya kuitupa.

Mwalimu Nyerere, aliyefundisha Tabora na Pugu kabla siasa haijamchukua, alitoa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, akitaka shule isimtenge mtoto na maisha ya watu wake. Shule nyingi zikasikia neno moja tu: jembe. Watoto wakapelekwa shambani, wakarudi darasani kukariri yaleyale. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 vijana wakawekwa kwenye shule za vijijini, wakifundisha huku wanajifunza ualimu wenyewe. Mitaani UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ikafasiriwa Ualimu Pasipo Elimu. Mimi nilifundishwa kusoma na mmoja wao, na sijawahi kucheka utani huo. Leo Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali sekondari, na tayari nasikia watu wakiongea kana kwamba amali ni nyundo na cherehani tu. Kumsikiliza mtoto wa muuza dagaa nako ni amali, na hakuna karakana inayojengwa kwa ajili yake.

Faili langu la BTP bado ninalo. Kwenye andalio la siku ya keki, tathmini inasema wanafunzi wote walishiriki kikamilifu; niliijaza usiku ule, rangi ya manila haijakauka. Nafasi ya Maoni niliiacha kwanza, nikaijaza jioni baada ya mwembe: "Keki haikueleweka. Kesho nije na sado." Mkufunzi aliweka tiki hapo tu.

Mwalimu mwenzangu, kesho ukifikia mstari ule, subiri kwanza kengele ilie. Kisha andika kilichotokea.