Shanga za rangi katika mapafu ya nguruwe

Vitabu vya udaktari vimefundisha kwa miaka mingi kwamba damu mapafuni huelekea bondeni kama maji. Mtu akisimama, sehemu ya chini ya pafu hujaa damu na ncha ya juu huambulia kidogo. Somo hilo limejengwa juu ya vipimo ambavyo John West na wenzake walivifanya jijini London mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakitumia kabonidioksidi yenye mionzi. Basi mvutano wa dunia ukiondolewa, damu itasambaa sawasawa?

Robb Glenny na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, waliwapandisha nguruwe kwenye ndege ya NASA aina ya KC-135, iliyosifika kwa kutapisha abiria. Ndege hiyo ilikuwa ikipaa na kushuka kwa mkunjo mkali. Juu ya mkunjo kila kitu kilielea kwa sekunde 20 na ushei, kisha ilipojinyanyua upya uzito wa kila kilichomo ulifika mara 1.8 ya kawaida. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2000.

Sekunde 20 ni muda finyu mno kwa vipimo vingi, na hapo ndipo shanga zilipofaa. Ni chembe za plastiki ya polistireni zilizotiwa rangi inayong'aa ikimulikwa. Zile zinazotumika sana kupima mtiririko wa damu zina kipenyo cha maikromita 15, kwa hiyo hupita mishipa mikubwa bila taabu lakini hukwama kwenye kapilari. Zikidungwa kwenye vena, damu huzipeleka moyoni kisha mapafuni, na huko hunasa katika mzunguko wa kwanza. Kipande kinachopata damu maradufu hunasa shanga maradufu. Kipimo kinakuwa kimekamilika ndege ikiwa bado angani, na kukisoma kunaweza kungoja hadi maabara.

Ujanja mkubwa zaidi ulikuwa kwenye rangi. Kila hali ilipewa ya kwake: kuelea, uzito wa kawaida, uzito uliozidi, na mikao tofauti ya mnyama. Hivyo kipande kilekile cha pafu kiliweza kuulizwa swali lilelile mara kadhaa, bila kulinganisha nguruwe huyu na yule.

Baadaye mapafu yalitolewa, yakakaushwa kwa hewa na kukatwa vipande vya takriban sentimita 2 za ujazo. Kwa kawaida kila kipande hulowekwa katika kiyeyushi kinacholainisha plastiki na kuitoa rangi, kisha kimiminika humulikwa ndani ya mashine inayosoma mwanga unaorudi. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo yenye mitego. Rangi mbili zinazokaribiana huingiliana na lazima hesabu izitenganishe. Shanga zikigandamana kabla ya kudungwa, kipande kimoja hupokea bonge na takwimu huharibika; ndiyo maana chupa hutikiswa kwa mawimbi ya sauti kwanza. Kipande chenye shanga chache nacho hakiaminiki: kanuni inayofuatwa tangu miaka ya 1970 hutaka zisipungue 400 ili kosa libaki karibu asilimia 10.

Mbinu yenyewe ilirithiwa. Mwaka 1967 Abraham Rudolph na Michael Heymann walikuwa wamekwisha kutumia shanga zenye mionzi kupima damu ya vijusi vya kondoo. Glenny na wenzake walionyesha mwaka 1993 kwamba zile zinazong'aa hutoa majibu yanayolingana na ya mionzi. Maabara zikaweza kuepuka mzigo wa kutupa taka za mionzi, ingawa sasa sampuli zilipaswa kufichwa mbali na mwanga usije ukazifubaza.

Na nguruwe? Damu haikusawazika hata walipoelea. Vipande vilivyokuwa na damu nyingi ardhini viliendelea kuwa nayo angani, na vilivyopungukiwa vikabaki vivyo hivyo. Timu ilihitimisha kwamba mvutano una mchango wake, lakini umbo la matawi ya mishipa ndilo lenye kauli kubwa.

Anayepinga atasema nguruwe hutembea kwa miguu minne na pafu lake halikai kama la binadamu. Pingamizi hilo lina haki. Ila mwaka mmoja kabla, Glenny na wenzake walikuwa wamechapisha vipimo vya shanga katika nyani waliowekwa wima, na huko pia mvutano ulishika nafasi ya pili.