Mkanda wa Kifuani

Kabla ya kuufunga mkanda, muuguzi hupapasa mbavu za mgonjwa akizihesabu kwa vidole. Nafasi ya nne, ya tano: hapo. Akishuka zaidi, kiwambo kinachotenga kifua na tumbo kitaingia kwenye picha na kuivuruga.

Mkanda una elektrodi 16. Umeme wa miliampea chache, ambao mgonjwa hausikii, hupitishwa kati ya elektrodi mbili zinazopakana huku nyingine zikipima volti. Kisha zamu huhamia jozi ya pili, ya tatu, mpaka kifua chote kizungukwe. Vipimo 208 kwa duru moja, na zipo mashine zinazomaliza duru 50 kwa sekunde. Damu na misuli huupitisha umeme, hewa huukataa. Basi pafu likijaa pumzi ukinzani hupanda, likiitoa hushuka, na kupanda na kushuka huko ndiko kunakochorwa.

Nafurahi kila nikikumbuka kwamba swali lenyewe, la kuyajua ya ndani kwa vipimo vya nje tu, halikuzaliwa hospitalini. Alberto Calderón, mwanahisabati wa Argentina, alikuwa mhandisi katika shirika la mafuta la nchi yake miaka ya 1940, akajiuliza kama vipimo vya umeme vya juu ya ardhi vinatosha kueleza yaliyo chini. Alilichapisha mwaka 1980. Mnunuzi wa nazi analijua swali hilo kwa namna yake: huitikisa karibu na sikio, asikie maji. Ila kifua si nazi. Umeme haunyooki kama miali ya eksirei. Husambaa mwilini kama maji kwenye jaruba la mpunga, na kosa dogo la kipimo ukingoni huzaa kosa kubwa katikati.

David Barber na Brian Brown, huko Sheffield, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliikabili shida hiyo kwa unyenyekevu ninaouheshimu sana. Hawakuling'ang'ania pafu lote lilivyo. Walitafuta tofauti kati ya sasa na muda uliotangulia. Mkanda ukikaa upande, au kifua kisipokuwa mviringo kamili, kosa hilo limo katika vipimo vyote viwili, kwa hiyo sehemu kubwa yake hufutika.

Picha hubaki na ukungu, tena ni ya kipande kimoja cha kifua. Lakini haina mionzi, wala hakuna kumsukuma mgonjwa mahututi koridoni kuifuata CT skani. Hata mtoto njiti huweza kufuatiliwa saa kwa saa, kitandani pake.

Mgonjwa aliyelala chali kwenye mashine ya kupumulia ana hatari mbili kwa pamoja. Vifuko vya hewa vya mbele huvimba kupita kiasi, ilhali vya mgongoni vimesinyaa kwa kulemewa. Geji ya mashine hutoa namba moja kwa vyote. Mkanda huonyesha ni wapi. Daktari huongeza shinikizo kidogo, husubiri, hutazama. Huongeza tena, au hurudi nyuma. Upande wa mgongo, palipokuwa peusi, panaanza kupata rangi.