Sekunde za Kugeuka

Mashabiki wa Yanga hawajamaliza kubishana kuhusu Nabi na Gamondi, na sidhani kama watamaliza karibuni. Kuna wanaosema Nasreddine Nabi, Mtunisia aliyefika Jangwani, makao ya klabu, Aprili 2021, ndiye aliyeirudishia timu heshima. Kuna wanaowajibu kwa kunyoosha vidole vitano tu, na Dar es Salaam nzima inajua maana yake: 5 Novemba 2023, Simba 1, Yanga 5, benchi likiwa chini ya Miguel Gamondi wa Argentina. Ubishi ni mtamu. Lakini wabishi hupima ukuta wa mmoja dhidi ya mashambulizi ya mwingine, kana kwamba kukaba ni kazi ya walio nyuma na kufunga ni kazi ya walio mbele. Kilichonifanya niipende timu ile kiko katikati ya hayo mawili: zile sekunde chache ambazo mpira unatoka miguuni mwa hawa na kuingia miguuni mwa wale, na watu kumi na mmoja wanatakiwa kuwa timu nyingine kabisa.

Yanga ya Nabi haikuwa na papara. Msimu wa 2021/22 ilibeba ubingwa bila kupoteza mchezo, na ilifikisha mechi 49 za ligi bila kufungwa hadi Ihefu walipoikata 2-1 kule Mbarali, Novemba 2022. Watu walimshangilia Fiston Mayele na kutetema kwake, naye alistahili kila shangwe. Ila Mayele aliweza kubaki juu, akivizia begani mwa beki, kwa kuwa nyuma yake palikuwa na Mganda mmoja, Khalid Aucho, ambaye hata timu ikienda mbele yeye alikaa pale pale palipo hatari kama mpira ungepotea. Palikuwa pia na Yannick Bangala, leo beki wa kati, kesho kiungo, bila ya mtu kuona pengo pale alipotoka. Djuma Shaban akipanda upande wa kulia, kuna mtu alikwishateremka kuziba. Shambulizi lilikuwa linaanza huku ulinzi wake umekwishapangwa.

Mpangilio huo ndio uliowafaa ugenini. Baada ya suluhu nyumbani na Club Africain, wengi tuliiona safari ya Tunis kama ya kwenda kukamilisha ratiba. Yanga ikakaa chini, ikawaachia wenyeji mpira, ikafunga njia za katikati, kisha Stephane Aziz Ki akapata bao moja lililotosha. Mwaka uliofuata, robo fainali ya Kombe la Shirikisho kule Uyo, Nigeria, Mayele aliwapiga Rivers United mawili, na marudiano yakaisha bila bao. Hapo utasikia mtu akisema timu imepaki basi. Silipendi neno hilo kwa Yanga ile. Basi lililopaki haliendi popote, na hawa kila walipokaa chini walikuwa tayari wanajua mpira ukinaswa utaanzia kwa nani na utaishia wapi.

Fainali ndiyo iliyonionyesha thamani ya jambo hili, kwa uchungu. Tarehe 28 Mei 2023, kwenye Uwanja wa Mkapa, USM Alger walitangulia. Yanga ikasukuma kipindi kizima cha pili, na zikiwa zimebaki dakika chache Mayele akasawazisha. Uwanja ukalipuka. Kabla shangwe haijatulia, Waalgeria wakafunga la pili. Siku ile lawama zilimwendea beki huyu na yule, nami naona hazikuwa za haki. Timu nzima, na sisi wa majukwaani pamoja nayo, tulikuwa bado tunashambulia vichwani mwetu ilhali mpira umekwishakuwa wa wenzetu. Wiki iliyofuata Algiers, Djuma Shaban alifunga penalti mapema, Djigui Diarra akaokoa penalti ya wenyeji, Yanga ikashinda 1-0 katika nchi ambayo timu zetu zimezoea kurudi zimeinamisha kichwa. Jumla ikawa 2-2, kombe likabaki kule kwa kanuni ya bao la ugenini. Kombe zima lilipotea katika zile dakika mbili tatu baada ya bao la Mayele.

Mabaharia wa pwani wangeelewa upesi. Jahazi likienda kwa bisho, hatari haiko likiwa limelalia kulia wala likiwa limelalia kushoto. Iko pale foromali inapohamishwa, na kila mkono ndani ya chombo lazima uvute kwa wakati mmoja.

Nabi akaondoka, Mayele naye, Bangala naye. Gamondi akaja na wazo la kuanzia upande wa pili: badala ya kusubiri chini, timu inyang'anye mpira pale pale ulipopotea. Wachambuzi huliita kukabia juu, na ni rahisi kulitaja kuliko kulicheza. Aliye karibu na mpira anaruka mara moja, hata kama ndiye aliyeupoteza. Wawili walio jirani wanaziba pasi fupi. Mabeki wa kati, Ibrahim Bacca na Dickson Job au Bakari Mwamnyeto, wanasogea hadi karibu na mstari wa kati, na Diarra anatoka langoni kufagia kilichopita. Mmoja akichelewa, wote kumi wamekimbia bure na uwanja mzima uko wazi nyuma yao. Ndiyo maana Mudathir Yahya alikuwa na thamani kubwa kuliko takwimu zake. Na ndiyo maana Max Nzengeli, winga kwa karatasi, alionekana mara nyingi akimpokonya mtu mpira kwenye eneo la viungo.

Agosti 2023 KMC walikula tano, JKT Tanzania wakala tano. Kisha ikaja ile ya Simba, Novemba. Tunasahau kwamba mapumziko yalikuwa 1-1. Mabao manne ya kipindi cha pili, mawili ya Max, la Aziz Ki na penalti ya Pacome Zouzoua, yamerudiwa kwenye simu zetu mpaka tumeyakariri. Mimi hurudi kutazama kilichoyatangulia: viungo wa Simba wakipokea mpira na kukuta mtu amekwishafika.

Wiki chache baadaye timu hiyo hiyo ilipigwa 3-0 na CR Belouizdad kule Algeria. Februari 2024 ikawafunga hao hao 4-0 Dar es Salaam na kuingia robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Kati ya matokeo hayo mawili Yanga haikuacha kushambulia. Ilijifunza ni mashambulizi gani ya kuyaacha yapite.

Halafu, kwenye robo fainali hiyo, Mamelodi Sundowns, mabwana wa pasi. Hapo Gamondi, mtu wa tano-tano, alifanya kitu ambacho nadhani hakijasifiwa vya kutosha. Aliishusha timu. Wale waliokuwa wakiwinda mpira kwenye boksi la wapinzani walikaa mistari miwili iliyobanana, wakahesabu hatua, wakavumilia. Suluhu kwa Mkapa, suluhu Pretoria, dakika 180 bila nyavu kutikisika, ndipo penalti zikawatoa kwa 3-2. Hata Nabi angeitambua Yanga ile.

Na katika mchezo ule wa Pretoria, kwa timu iliyokuwa imeinamishwa muda mrefu hivyo, mpira ulinaswa, ukapelekwa mbele, Aziz Ki akapiga shuti likagonga mtambaa panya na kudunda kwenye mstari. Mwamuzi hakulikubali. Ubishi wa kama mpira ulivuka bado unaendelea, nami nina upande wangu, kama kila Mwananchi wa Yanga. Lakini hata kwa anayeamini haukuvuka, ningemwomba airudishe picha nyuma kidogo, aanzie pale Yanga ilipokuwa bado inakaba.