Kazi ya Kusoma Majibu

Madodoso mengi ya utafiti wa masoko huenda mbio mpaka yanapofika mahali fulani. Umri wako? Weka alama. Unatumia sabuni gani ya kufulia? Weka alama. Unanunua mara ngapi kwa mwezi? Weka alama. Kisha linakuja swali lisilo na visanduku: "Kwa nini unapendelea hiyo?" Hapo mtu aliyekuwa akijibu neno mojamoja huanza kueleza. Anataja maji ya mtaani kwake, mikono yake, sare za watoto, mwenye duka anayemkopesha. Mdadisi anaandika kwenye kishikwambi kadiri vidole vinavyomruhusu. Wafikishe watu hao elfu moja na unapata faili ambalo meneja hana muda wa kulisoma na ambalo kompyuta haiwezi kulijumlisha, mpaka apatikane mtu wa kukaa nalo.

Insha hii ni ya kumsifu mtu huyo. Yeye ndiye anayesoma majibu ya wazi moja baada ya jingine, akayapanga kwa makundi, akalipa kila kundi msimbo wake, na kuhakikisha kwamba majibu yakishageuka jedwali bado yanasema walichosema wenyewe. Ni kazi ya mezani, ya kimya, na mara nyingi hupewa vijana wa mkataba wa wiki mbili kana kwamba ni kunakili tu. Mimi naihesabu miongoni mwa kazi za haki zinazofanyika ndani ya biashara. Haki yenyewe ni ndogo lakini ni ya kweli: mtu ahesabiwe kwa lile alilolisema.

Wapo wanaouliza kwa nini tusiweke visanduku kila mahali tukamaliza. Mwaka 1981 watafiti wa Marekani Howard Schuman na Stanley Presser walitoa kitabu chenye majaribio yanayolijibu swali hilo. Waliwauliza watu ni jambo gani muhimu zaidi mtoto kujifunza ili ajiandae kwa maisha. Kundi moja lilipewa orodha, na ndani yake kulikuwa na "kufikiri mwenyewe". Zaidi ya asilimia 60 walilichagua. Kundi la pili liliachwa lijibu kwa maneno yake, na waliolitaja jambo hilo hawakufika asilimia 5. Hakuna kundi lililodanganya. Orodha ilimwonyesha mtu wazo zuri naye akalikubali, ilhali swali la wazi lilichukua kile alichokuwa nacho kichwani kabla hujamfikia. Anayetaka kuuza kitu anahitaji sana kukijua hicho cha pili, kwa sababu mteja akisimama mbele ya kaunta ya duka hakuna mdadisi wa kumsomea orodha.

Tatizo ni kwamba "kwa nini" ni swali gumu kuliko linavyosikika. Paul Lazarsfeld, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Marekani miaka ya 1930, aliliona hilo mapema. Katika makala yake ya mwaka 1935 kuhusu sanaa ya kuuliza kwa nini, alieleza kwamba swali hilo moja hubeba matatu: bidhaa ina sifa gani, nini kilimshawishi mnunuzi, na yeye mwenyewe alikuwa na haja gani. Kwa hiyo mmoja atajibu "inanukia vizuri," wa pili "wifi yangu aliniambia niijaribu," na wa tatu "watoto wangu wanachafua sana sare." Wote wamejibu sawasawa, lakini kila mmoja amejibu swali lake. Ukiwapanga katika foleni moja na kutangaza sababu kuu tatu za kununua sabuni, umelinganisha vitu visivyolinganishika. Mweka misimbo anayeijua kazi yake hulitambua hilo kabla hajaandika namba ya kwanza.

Tumtazame akiwa kazini. Tuseme sabuni ni ya unga na wahojiwa ni wa Dar es Salaam. Kwanza anasoma majibu kama mia moja hivi bila kuyapa namba yoyote, ili ajue watu wanaongeaje. Anakutana na haya:

"Inatoa povu jingi."

"Povu lake zuri."

"Haichubui mikono."

"Mwanangu, hii hata kwa maji ya chumvi inatoa povu."

"Naloweka usiku, asubuhi nasuuza tu."

Mwenye haraka ataona majibu matatu ya povu, ayafunge pamoja na kuendelea. Fundi atasimama kwenye lile la maji ya chumvi. Anajua kwamba mitaa mingi ya jiji hilo inategemea visima, na kwamba maji ya visima vingi ni ya chumvi. Anajua pia alichokijua kila aliyewahi kufua kwa maji hayo: sabuni ya kipande hushikana na madini yaliyomo, ikaacha utando mweupe juu ya beseni, na povu likagoma. Kwa hiyo mama huyu hasifu wingi wa povu. Anaeleza shida ya maji anayoishi nayo na kitu kilichomwokoa nayo. Basi fundi anaweka msimbo 11, "povu jingi," na msimbo 12, "inafaa kwa maji ya chumvi," kila mmoja na mstari wake.

Uamuzi huo umechukua dakika moja, lakini tazama unakokwenda. Majibu hayo yakiwa pamoja, ripoti itasema wateja wanapenda povu, na kiwandani wataongeza povu. Yakitenganishwa, na msimbo 12 ukaonekana kujaa katika kata zenye visima na kukosekana kwenye kata za maji ya bomba, mtengenezaji amepata kujua ni nani anamhitaji na kwa nini. Hesabu ya jedwali haiwezi kurudisha tofauti iliyofutwa wakati wa kupanga. Kilichochanganywa pale kimechanganywa mpaka mwisho.

Kutenganisha kupita kiasi nako ni kosa. Orodha yenye misimbo 150, nusu yake ikiwa na mtu mmojammoja, haimsaidii yeyote kuona kitu. Ndiyo maana misimbo hupangwa kwa ngazi: 11 na 12 zinakaa chini ya kundi kubwa la utendaji wa sabuni, "haichubui mikono" chini ya kundi la usalama, na anayetaka picha ya jumla anaipata bila kumnyima anayetaka undani. Ustadi uko katika kujua tofauti ipi ina uzito, na ujuzi huo haupatikani kwa fomula. Unatokana na kuyafahamu maisha ya wanaojibu. Asiyewahi kuteka maji kisimani angeupitia msimbo 12 bila kuuona.

Bei ndiyo inayompima fundi kuliko kitu kingine. "Bei nafuu" ni maneno kuhusu bidhaa. "Ndiyo ninayoimudu" ni maneno kuhusu mfuko, na huenda msemaji angeihama kesho kipato kikipanda. "Wanauza pakiti ndogo" ni maneno kuhusu namna fedha inavyoingia nyumbani, kwa siku na si kwa mwezi, na pengine gramu kwa gramu pakiti hiyo ni ghali kuliko mfuko mkubwa. Kisha kuna jibu linaloumiza kichwa kuliko yote: "Bei." Neno moja, nukta. Nafuu au ghali? Mdadisi alichoka, au jua lilikuwa kali, akafupisha. Fundi hakisii. Anarudi kwenye rekodi ya sauti kama ipo, au anamuuliza msimamizi wa uwandani. Asipopata kitu, analiweka mahali pake kama jibu lisiloeleweka, na liko huko wazi, mwenye kusoma ripoti alione. Kuliingiza kwenye "bei nafuu" kungeinenepesha safu kwa kitu ambacho hakuna aliyekisema. Hapo pia unaona kwamba kazi hii huanza mlangoni kwa mhojiwa: mdadisi aliyeambiwa "ni nzuri tu" na akauliza kwa adabu "nzuri kivipi, mama?" ameokoa saa nzima ya mezani.

Sehemu ninayoipenda zaidi katika orodha ni ile ambayo wengi wanaiona jalala: "mengineyo." Kwa mazoea ya ofisi nyingi namba za mwisho hutengwa, 97 kwa mengineyo, 98 kwa asiyejua, 99 kwa asiyejibu. Fundi mzuri huifungua 97 tena na tena, na ikizidi kama asilimia 10 ya majibu anajua orodha yake ina kasoro, kwamba kuna jambo ambalo watu wanalisema naye hajalipa nafasi.

Afrika Mashariki ina mfano mkubwa wa jambo kama hilo. Majaribio ya M-Pesa yalianza Kenya Oktoba 2005, yakiwahusisha wateja wasiofika 500 wa taasisi ya mikopo midogo, na kusudi lake lilikuwa kurahisisha kupokea mkopo na kuulipa kwa simu. Watu walipokizoea chombo hicho wakakitumia kwa mambo yao: kumtumia ndugu fedha, kuweka fedha mwanzo wa safari na kuzitoa mwisho wa safari ili wasizibebe njiani, kulaza mauzo ya siku mahali salama. Kwa dodoso la mikopo, yote hayo yangekuwa mengineyo. Walioendesha majaribio waliyachukulia kwa uzito, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ujumbe wake ulikuwa kutuma fedha nyumbani. Mikopo haikuwa mlangoni tena. Ninapomwona mtu akipitia mistari ya 97 kwa subira, najua anatafuta kitu cha aina hiyo, na kwamba mara nyingi hatakipata, na kwamba ni lazima atafute vilevile.

Lakini msomaji mmoja, hata awe makini vipi, ana masikio yake. Ndiyo maana ofisi inayojiheshimu huwapa watu wawili sehemu ileile ya majibu, kila mmoja aweke misimbo peke yake, kisha walinganishe. Kulingana kwa bahati tu kupo, kwani misimbo ikiwa michache hata wanaobahatisha watakutana mara nyingi. Mwaka 1960 mwanasaikolojia Jacob Cohen alitoa kipimo kiitwacho kapa, kinachoiondoa bahati hiyo katika hesabu na kuonyesha makubaliano yaliyobaki. Namba hiyo ina faida, ila faida kubwa zaidi iko kwenye mazungumzo yanayofuata, pale wawili wanapokaa na jibu walilotofautiana. "Sina shida nayo": hii ni sifa, au ni mtu asiyetaka kulalamika mbele ya mgeni? Wakiafikiana, wanaandika kanuni kando ya msimbo, na kuanzia hapo kila jibu la namna hiyo litatendewa sawa, liwe la Mbagala au la Masaki.

Wengi wape, walisema wahenga, na jedwali linawapa: msimbo uliotajwa sana unakaa juu. Ni sawa. Hata hivyo mweka misimbo hujua kwamba mara ngapi jambo limetajwa na lina uzito gani ni mambo mawili. Mtu mmoja huweza kutoa sababu tatu, kwa hiyo asilimia za swali la wazi zikijumlishwa huvuka 100, na anayezichora kama vipande vya duara amepotosha. Na watu wanne wakisema sabuni imewatoa vipele mikononi, hao hawawezi kusubiri wawe arobaini ndipo watajwe.

Siku hizi akili unde inaweza kupendekeza makundi ya majibu elfu kumi kwa muda mfupi, na sioni sababu ya kuikataa. Inafanya vizuri pale majibu yanapofanana. Lakini Kiswahili cha majibu halisi kina Sheng ndani yake, kina lafudhi za pwani na za bara, kina herufi zilizorukwa na mdadisi mwenye haraka, na kina mambo ambayo hayakusemwa kwa sababu kila mkazi wa mtaa anayajua. Yakiachiwa mashine peke yake, povu na maji ya chumvi yanaweza kurudi kundi moja. Tena majibu ya wazi hubeba majina ya watu, maradhi, madeni, hata namba za simu. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, na msomaji mwaminifu huyafuta mambo hayo kabla faili halijaenda popote, awe analipeleka kwa binadamu au kwa programu.

Ninalo ombi kwa mameneja na wote wanaoagiza tafiti hizi. Kabla hujafungua chati, omba majibu hamsini kama yalivyoandikwa, pamoja na orodha ya misimbo, na uyasome mwenyewe. Uliza kwa nini 12 imetengwa na 11. Uliza kuna nini ndani ya 97. Ukipata mtu anayekujibu bila kubabaika, akakuonyesha alipotenganisha, alipounganisha na alipokiri kwamba jibu halisomeki, basi umepata fundi. Mpe muda wa kutosha, jina lake liandikwe kwenye ripoti kando ya jina la aliyechora chati, na malipo yake yalingane na uzito wa maamuzi anayokufanyia.